Maji Mekundu ya Karisa

Mwanangu, kabla hujalivaa hilo koti jeupe la maabara ulilolipiga pasi tangu jana, keti nikuhadithie kisa kimoja ambacho mpaka leo kikinijia husisimka mwili. Usicheke. Mimi nimestaafu nikiwa mtu wa sayansi, na sina mazoea ya kuogopa vivuli.

Miaka ya themanini nilikuwa msichana mbichi kutoka Malindi, nimeajiriwa kwenye maabara ndogo Kilifi. Tulitafiti saratani ya ngozi, hasa kwa watu wenye ualbino, ambao jua la mashamba yetu huwachoma bila huruma. Mmoja wao alikuwa Karisa, mkulima wa Jilore, kijana mcheshi aliyekuwa na kidonda shingoni kisichopona. Daktari alipokikata alimwomba ruhusa tubaki na kipande kidogo.

"Chukueni," Karisa akasema. "Mimi mwenyewe sikitaki." Tukacheka sote.

Kipande kile nikakitia kwenye chupa bapa, ndani ya kabati la joto lenye kiza, nikakilisha maji yetu ya lishe, ambayo rangi yake ni nyekundu. Seli zikashika, zikaanza kuzaana. Wenzangu walijaribu za wagonjwa wengine zikafa. Kwa hizi zangu tungeweza kusoma vinasaba na kujua ugonjwa unaanzia wapi. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya chupa ile.

Karisa akafa, maana ugonjwa ulikuwa umeshapenya ndani, akazikwa kwao. Asubuhi iliyofuata nilichungulia kwenye hadubini nikazikuta seli zake zimejaa chupa nzima, zagawanyika kuliko siku zote. Sababu za kisayansi nilizijua. Hata hivyo nilifungua dirisha, maana nilihisi siko peke yangu mle chumbani.

Matanga yalipokwisha, mamake akaja. Jina lake Kadzo, amejifunga leso mbili, hajawahi kukanyaga maabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu hajapokewa na koma," akasema. Koma ni wazee wao waliotangulia. "Aliniambia kipande chake kilibaki huku. Sasa kila nikisinzia anijia. Asema, 'Mama, niko mahala pana joto na kiza, nanywa maji mekundu.' Nifanye nini alale, nami nilale?"

Karisa hakuwahi kuliona kabati lile, wala hakuna aliyemweleza mama huyu rangi ya maji yetu. Ningeweza kumwambia ni ndoto tu aende zake, nayo chupa yangu isalimike, kwani niliogopa kwamba akiiona ataitaka. Lakini macho yale, mwanangu, yalikuwa yamechoka mno. Nikafungua kabati.

Akainama kwenye hadubini, akatazama muda mrefu. Kisha akaita polepole, "Karisa." Wallahi, taa ya hadubini ikafifia, halafu ikarudi. Umeme wa Kilifi siku hizo ulikuwa na vituko vyake, hilo nalijua.

"Anaumia?" akauliza.

"La, mama. Anatusaidia kujua kwa nini jua lawaua wenzake."

Akainua uso kutoka kwenye hadubini.

"Basi na afanye kazi. Ila Karisa hakupenda kufanya kazi peke yake. Ukiingia, umwamkue. Na kazi ikiisha, umlete kwao."

Tangu hapo kila nikifungua kabati nilisema, "Karisa, hujambo?" Wenzangu walinidhihaki, kisha nikawasikia nao wakimwamkua, kwa sauti ya chini. Seli zile zilitufundisha mengi kwa miaka.

Asubuhi moja nikazikuta zimebanduka zote kwenye kitako cha chupa, zaelea, zimekufa. Nililia kama aliyefiwa. Sikumpelekea mtu habari. Nikaifunga chupa kwa kitambaa, nikaenda Jilore siku ileile. Nilimkuta Kadzo kando ya kaburi la mwanawe, jembe mkononi, shimo dogo limekwisha kuchimbwa.

"Nilijua waja," akasema. "Jana aliniambia ameshiba."

Basi mwanangu, ninalokuusia ni hili. Kila utakachokitia kwenye chupa kina mama yake mahali fulani. Akija na macho yasiyolala, usimfukuze kwa maneno ya kitabuni. Mfungulie kabati atazame, hata kama waogopa kupoteza kazi yako. Na asubuhi ukiingia, amkua, hata wakikucheka.

Nenda. Mungu akupe mikono mitulivu, akuepushe na kiburi, na wote watakaokuachia sehemu ya miili yao uwafikishe nyumbani kwao salama.