Glasi Niliyoifunga kama Zawadi

Nimefanya ujinga wa kila namna maishani, lakini ule wa kufunga vipande vya glasi kama zawadi ya arusi ndio unaonirudia kila nikiona gazeti safi.

Ilikuwa Emali, miaka ya themanini. Nilikuwa fundi wa kushona sare za shule: chumba kimoja cha kupanga katika ploti ya wapangaji wengi, cherehani mlangoni, na sababu chache sana za kutoka nje. Wenzangu walidandia malori kwenda kuona Mombasa. Mimi nikienda choo cha ploti nilihisi nimesafiri. Siku hiyo nilikuwa nasugua glasi ya taa, ikanipasukia mkononi. Nikakumbuka somo la afya la sekondari: kitu chenye makali kifungwe vizuri kabla ya kutupwa. Basi, mwanafunzi hodari mimi, nikachukua gazeti la Jumapili, nikafunga, nikazungusha uzi wa bluu na kumalizia kwa fundo la ua. Nikakiweka kile kifurushi juu kabisa ya jaa la taka, nyuma ya hoteli ya madereva.

Nilichosahau ni kwamba jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja mjane, aliishi kwa kuokota katika jaa hilohilo. Chupa na mikebe vilingoja baadaye. Kitu cha kwanza kunyakuliwa asubuhi kilikuwa gazeti safi, maana wauza nyama na wauza njugu walilitaka la kufungia. Elimu yangu yote ilikuwa imetega mtego na kuutia chambo.

Alirudi mkono wa kulia umezongwa leso, damu imepenya. Kwenye mkono wa kushoto alishika uzi.

“Fundi, hii uzi ya bluu ni ya nani hapa ploti?”

“Ya... ya sare, mama.”

“Asi! Kumbe ni wewe umeniletea Krismasi mapema!”

Dispensari walimshona, wakamdunga sindano ya pepopunda, wakamwambia asiguse taka mpaka kidonda kifunge. Hapo ndipo kicheko kilipomwisha. Jaa lile halikuwa na hati wala askari. Mahali palikuwa pa yule anayeonekana pale. Ukikosa kuonekana, mwingine anapanga magunia yake, nawe ukirudi unapewa salamu tu. Na upande wake, nyuma ya jiko la hoteli, ndio uliomlisha.

“Mimi sitaki pole,” akasema. “Kesho uende ukakae huko.”

“Kufanya nini?”

“Kukaa! Si ndiyo kazi unajua?”

Nikaenda. Viatu vya kanisani, kitambaa puani, na kaptura ya shule mkononi ili nipige pindo. Nikajikalia juu ya karai bovu. Haukupita muda, mama wa upande wa pili wa jaa, miguuni akala za tairi, akanijia akiburuta gunia.

“Mwenye hapa amekufa?”

“Hapana, mama. Amekatwa na glasi.”

“Na ni mjinga gani anafungia watu glasi kwa gazeti?”

Nikainamia pindo langu. “Ni mimi.”

Alicheka mpaka kunguru wakaruka. Kisha akavua akala moja, akanionyesha kovu la mkebe kwenye kisigino, akaburuta gunia lake kurudi upande wake. Tangu hapo kila asubuhi alinisalimu kwa mbali: “Wewe Glasi, umeamkaje?”

Kidonda kilifunga, na mahali palikuwa bado pa mwenyewe. Nami, kwa kuwa sijui kuacha jambo likiwa limekwisha vizuri, nikamshonea glavu za turubai la lori. Upande wa kiganja nikaongeza tabaka la pili, ili glasi igonge mwamba. Kipimo nilichukua kwa mkono mmoja tu, ule mzima, na zote mbili zikatoka za kushoto. Mkono wa kulia, ule wenye kovu, ukivaa ya kushoto, ngao ilikaa mgongoni mwa kiganja.

Alizivaa pale uani, akageuza mikono huku na huku.

“Hizi nitatoa nazo sufuria kwa moto. Lakini wewe fundi, ukivunja kitu, usinifungie chochote. Kuja kwa mlango useme, ‘Mama, nimevunja.’ Mdomo yako haijashonwa.”