Ufa Niliomsingizia Mungu

Kosa ni langu, na nimelificha nyuma ya jina la Mungu. Nianzie hapo, nisije nikazunguka.

Mimi ni fundi wa mashua kisiwani Rusinga, na mzee wa kanisa letu la Sabato. Shuleni sikufika mbali. Biblia nimejifunza mwenyewe, mstari kwa mstari, nikilinganisha ya Kiswahili na ya Kijaluo. Watu huniita japuonj, yaani mwalimu. Somo nililopenda kufundisha ni moja: hukumu ya Mungu inaweza kukawia, lakini haipotei njia.

Ijumaa moja nilikuwa nakarabati mashua ya ndugu wa kanisani. Nitamwita Owino. Mchana ule nilikaa kivulini na Biblia nikitayarisha somo la kesho yake, kazi ikalala. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limeinama upande wa ziwa. Likizama, Sabato imeingia. Hakuna kushika nyundo.

Ulikuwa umebaki ufa mmoja chini, kati ya mbao mbili. Ufa huzibwa kwa pamba, unaigonga hadi ikaze, ndipo unapaka lami. Mimi nilipaka lami tupu. Kwa macho, ufa haukuwepo!

Owino akaja akicheka. "Japuonj, wewe unasoma hadi mashua za watu zinazeeka! Imeisha?"

"Imeisha," nikasema.

Nilijiambia, kesho ni Sabato, ni nani wa kanisa letu ataingia ziwani? Jumapili asubuhi nitamalizia, hata hatajua.

Aliingia. Unga ulikuwa umeisha nyumbani, naye akaenda kuvua samaki wa mbuta Sabato hiyo hiyo. Upepo ukavuma. Mwenzake waliyekuwa naye mashuani aliokolewa akiwa ameng'ang'ania mtungi wa plastiki. Owino tulimzika.

Yule mwenzake alisema matangani, "Wazee, maji yalitokea chini. Si mawimbi." Nani alimsikiliza? Kila mtu alikuwa na jibu: amevunja Sabato, Mungu amemlipa. Kisha wakanigeukia mimi niseme neno.

Nikasimama kando ya kaburi. Ole wangu! Nikasema hukumu haipotei njia.

Tangu siku hiyo mjane wake aliacha kutaja jina la mumewe katika maombi. Kila Sabato alinishika mkono mlangoni. "Asante, japuonj. Wewe hukunificha ukweli." Mkono unanuka lami, na yeye anaushukuru!

Kuacha kufundisha sikuweza. Wangeuliza kwa nini. Kuendelea nako kulinishinda. Kila mstari ulinitaja. Nilivuka daraja la Mbita, nikaenda kukaa kwa dada yangu Migori, nikidai mgongo unaniuma. Huko nako, mahubiri ya kwanza niliyoyasikia yalihusu mambo ya siri kuletwa mwangani. Nikarudi.

Mwishowe nilimfuata mjane ufuoni, akianika omena, dagaa wa ziwa letu. Nikamwambia yote. Hakulia. Aliendelea kutandaza omena juu ya wavu, kisha akauliza, "Kwa hivyo Mungu hakumkasirikia?"

"Ya Mungu siyajui, mama. Najua ya ufa."

"Siyo! Pale kaburini uliyajua!"

Akajifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni.

"Sikupeleki kwa chifu," akasema. "Utasimama mbele ya wale wale waliokusikia, umrudishie mume wangu jina lake. Mimi nitangoja."

Anangoja. Kila Sabato anaketi kiti cha mbele, Biblia imefungwa mapajani, ananiangalia. Nami nafungua kinywa, kinatoka kitu kingine. Juzi nilitangaza wimbo!

Ndugu msomaji, ukiona mwenzako ameanguka na ulimi wako unakimbilia kusema ni mkono wa Mungu, uzuie. Angalia kwanza mikono yako mwenyewe. Na ukiwa unaiogopa hukumu kama mimi, usichunguze mawingu. Nilidhani itakuja na radi. Yangu imejifunga leso, inawahi ibada kuliko mimi, na haichoki.

Leo ni Ijumaa. Jua limeshainama upande wa ziwa.