Masale ya Picha

Gerson alikuta masale yamepandwa kwa mstari ndani ya migomba yake, kijijini Akheri. Kwa Wameru, mmea wa masale ni alama ya mpaka wa shamba.

"Shikamoo, mzee. Ni ya picha tu," alisema Nancy, msimamizi wa jengo la jirani. "Cheti cha jengo linalotunza mazingira kinataka mimea ionekane, na mwisho wa kutuma nyaraka ni leo. Tukishatuma tutayang'oa."

"Marahaba. Ng'oeni kwanza, mwanangu, ndipo mtume."

"Tutachelewa."

Gerson akaketi juu ya jiwe. Picha ile ikishafika kwa wakubwa, nani angeamini shamba lake lilikuwa pana zaidi?

"Basi nipigeni picha na mimi, nikiyang'oa."

Kwa kuhofia picha ya namna hiyo, Nancy akawaita mafundi, masale yakahamishiwa upande wa jengo. Gerson hakuinuka mpaka alipoonyeshwa picha mpya ikitumwa.