Hadubini Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika kituo kimoja cha utafiti pale Morogoro, upande ambao barabara inaanza kupanda kuelekea Uluguru. Katika muda wote huo kitu pekee cha maana nilichowahi kukabidhiwa ni ufunguo. Ulikuwa wa kufuli la kawaida, nililinunua mwenyewe sokoni na risiti nikaipeleka kwa mhasibu. Kufuli lile lilifunga chumba chenye hadubini mpya, na habari ninayotaka kuieleza ni ya jinsi nilivyokaa na ufunguo huo.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipojaa upya. Sabuni ambazo watu walikuwa wakizisubiri kwenye foleni zilianza kupangwa barabarani, mitumba ikafurika, na kila mwenye ndugu Dar es Salaam alikuwa na habari za televisheni. Sisi watumishi wa serikali tulikuwa na mshahara wa wiki moja na miradi ya kujazia wiki tatu zilizobaki. Mimi nilifuga kuku nyuma ya nyumba niliyopanga Mafiga. Wakati huohuo neno "kupunguzwa" lilikuwa limeingia maofisini. Orodha zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, mtu anasoma jina lake huku ameshika kikombe cha chai, anakirudisha kikombe jikoni, anaondoka. Wenzangu wawili wa maabara walikwenda hivyo. Nilibaki peke yangu, na sikuwahi kuambiwa kwa nini nilibaki.

Vifaa vyetu vilikuwa vya zamani. Hadubini tuliyokuwa nayo ilitumia kioo kidogo cha kuakisi jua, kwa hiyo siku za mawingu, ambazo chini ya mlima ule si chache, kazi ilisimama. Mwaka huo alirudi kutoka masomoni ng'ambo mtafiti mmoja, mwanamke wa makamo ya miaka thelathini na kitu, daktari wa mifugo. Tulimwita Dokta. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, asiyependa vikao. Aliandika andiko la mradi kuomba wafadhili watuletee hadubini ya aina mpya: unapaka sampuli rangi maalumu, unaiwashia taa kali ya rangi ya urujuani, na ugonjwa unaoutafuta unang'aa kijani katika giza. Aliandika kwa mkono, katibu muhtasi akapiga chapa, wakarudia mara tano. Wafadhili wakakubali.

Walikubali kwa masharti. Hadubini isiwe ya mtu mmoja wala ya idara moja. Itumiwe na sisi, na wahadhiri wa chuo, na watu wa hospitali, na mabwana mifugo wa wilaya. Kila atakayeitumia aandike jina, tarehe na kazi katika daftari. Baada ya mwaka mmoja angekuja mjumbe wao kulikagua daftari hilo. Akiridhika, ingekuja sehemu ya pili ya fedha: taa za akiba, dawa za kupakia sampuli, na mafunzo ya miezi mitatu kwa fundi, yaani mimi. Asiporidhika, hadubini ingehamishiwa kituo kingine, nchi nyingine. Dokta alinisomea masharti yale mara mbili. Kwa upande wake, utafiti wake wote wa magonjwa ya nguruwe na mbuzi wa milimani ulikuwa umekaa juu ya hadubini ile, na alikuwa amekataa kazi ya ng'ambo kwa ajili ya utafiti huo.

Sanduku liliwasili mwezi wa pili. Fundi aliyekuja nalo aliifunga hadubini mezani kwa siku mbili, akaijaribu, akatuachia slaidi moja ya mfano, kipande cha kioo chenye sampuli iliyokwisha kupakwa rangi, akaondoka. Siku iliyofuata Dokta alikuja na sampuli zake asubuhi na mapema. Mkuu wa kituo akamzuia mlangoni.

"Dokta, hii haijazinduliwa bado."

"Mkuu, si imeshafungwa? Inafanya kazi."

"Inafanya kazi, sikatai. Lakini kitu kama hiki tukianza kukitumia kimya kimya, mkubwa akija atazindua nini?"

Sidhani kama Mkuu alikuwa mtu mbaya. Nyumbani kwake palikuwa na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo sijawahi kuona mtu akivinywea, na nyumbani kwangu palikuwa na kabati kama hilo, dogo zaidi. Kitu kizuri kinasubiri mgeni, ndivyo tulivyolelewa. Hadubini ikafunikwa mfuko wake wa plastiki, na juu ya mfuko katibu muhtasi akatandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Madirisha yakafungwa vumbi lisiingie. Kitabu cha maelekezo kikawekwa ofisini kwa Mkuu, pamoja na utepe. Nami nikapewa ufunguo, na agizo kwamba nifute vumbi kila Ijumaa na nisimfungulie mtu yeyote.

Mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka wizarani, alipangiwa mwezi wa tatu. Akapata safari. Akapangiwa mwezi wa tano, masika ikaharibu barabara. Kadi za mwaliko zilichapishwa mara mbili na kutupwa. Dokta alikuwa akija maabara kila wiki.

"Kaka, nipe ufunguo saa moja tu."

"Dokta, siwezi. Unajua hali ilivyo."

"Ninajua. Saa moja, nitaandika kwenye daftari."

"Ukiandika ndiyo mbaya zaidi."

Alicheka siku hiyo. Baadaye aliacha kucheka. Masika ilipokuwa inaisha alikuja mkulima mmoja kutoka kijiji cha misheni juu ya Mgeta, ameshika ndoo ndogo iliyofunikwa jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na bandama la nguruwe. Nguruwe wake wanne walikuwa wamekufa ndani ya wiki, na wa jirani walikuwa wameanza. Alitaka kujua kama ni ile homa inayoua wote, ili kijiji kizuie wengine wasiteremshwe mjini kuuzwa. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuipenda sana nyama ile, na lori lilikuwa linapanda kila Jumamosi. Dokta alinitazama. Nikasema ufunguo anao Mkuu. Ulikuwa mfukoni mwangu, ninaugusa. Mkulima akakaa kwenye benchi la nje mpaka mchana, kisha Dokta akaipeleka sampuli Dar es Salaam kwa basi, ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu kwamba imeoza na haifai. Kufikia hapo mabanda ya kijiji kile yalikuwa matupu, na mengine ya mjini, kwetu Mafiga, pia.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema wakati ule. Kila Ijumaa, baada ya kufuta vumbi, nilikuwa nafunga mlango kwa ndani, natoa kitambaa, natoa mfuko, nawasha taa. Mara ya kwanza nilijiambia ninakagua kama bado ni nzima. Niliweka ile slaidi ya mfano. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Giza kabisa, halafu katikati ya giza nukta za kijani, kali, zimejipanga kana kwamba mtu amezipanga kwa sindano. Nilikaa nusu saa. Ijumaa iliyofuata nikakaa nusu saa tena. Sikuwa na sampuli, sikuwa na kazi yoyote ya kufanya, nilikuwa naangalia tu. Nilikuwa na furaha, na sina njia nyingine ya kuieleza. Daftari lilikuwa pale mezani na kalamu yake imefungwa kwa uzi, nami sikuandika.

Mwezi wa sita, nilipochungulia, niliona uzi. Ulikuwa mwembamba, wa kijivu, pembeni ya duara, na nilipozungusha lenzi ya machoni ukazunguka nayo. Kwa hiyo ulikuwa ndani ya lenzi. Wiki iliyofuata ulikuwa na matawi mawili. Mtu yeyote aliyeishi Morogoro masika moja anaujua ukungu: unaota kwenye viatu, kwenye mikanda, kwenye vitabu. Chumba kimefungwa, madirisha yamefungwa, mashine iko ndani ya plastiki, tulikuwa tumeuandalia makao. Ilikuwa inatosha kumwambia Mkuu tufungue madirisha, tuondoe mfuko. Lakini angeuliza nimejuaje, kwa sababu ukungu ule haukuonekana bila kuwasha na kuchungulia. Nilikuwa mwoga, na orodha mpya ilikuwa inasubiriwa. Nikarudisha mfuko na kitambaa, nikafunga mlango kama kawaida.

Mgeni rasmi alikuja mwezi wa tisa. Kulikuwa na turubai, kwaya, risala, na soda za kila aina. Alikata utepe, akaketi, akainama juu ya hadubini. Akachungulia kwa muda mrefu, kisha akainua kichwa ametabasamu.

"Nimewaona," akasema. "Wana matawi kama mizizi. Hongereni sana."

Tukapiga makofi. Mkuu alipiga makofi kuliko wote. Mgeni akatia saini katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na penye kazi iliyofanyika akaandika "Uzinduzi". Wageni walipokwenda kwenye chakula, Dokta aliingia chumbani peke yake. Nilimwona kupitia mlangoni akichungulia, akizungusha lenzi ya machoni, akichungulia tena. Akatoka, akaenda ofisini kwake. Aliandika barua kwa wafadhili kuomba lenzi nyingine. Wakajibu kwamba mjumbe akija ataona.

Mjumbe alikuja mwezi wa pili, mwaka umetimia. Mzungu mpole, mwenye Kiswahili cha kutosha, alichojifunza zamani alipofundisha sekondari mikoani. Alilifungua daftari, akaona saini moja. Hilo Mkuu aliweza kulieleza: uzinduzi ulichelewa, kisha ukungu. Halafu mjumbe akainama chini ya meza, kwenye kisanduku cha umeme cha ile taa. Palikuwa na kidirisha kidogo chenye namba. Nilikuwa nimekiona mara nyingi na kudhani ni namba ya kiwandani. Kumbe kilikuwa kinahesabu saa ambazo taa imewaka.

"Kumi na tano, tangu fundi wetu alipoondoka," mjumbe akasema. "Ya uzinduzi ni moja. Hizi kumi na nne nani ametumia?"

Mkuu akaonekana kushangaa kweli. Akafikiri. Kisha akasema, bila chuki, kama mtu anayesaidia: "Dokta alikuwa akiomba ufunguo kila wiki."

Mjumbe akanigeukia. "Ulimfungulia?"

Dokta alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakukana. Alinitazama akisubiri, na nadhani alikuwa ananipa nafasi.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Hilo ndilo jibu nililolitoa. Mjumbe aliandika kitu, akafunga kalamu yake. Baada ya mwezi ikaja barua kwamba kifaa kilichokusudiwa kuwa cha wengi kimeonekana kutumiwa kwa siri na mtu mmoja, kwa hiyo kinahamishwa. Nilikifunga mimi mwenyewe ndani ya sanduku lilelile. Katibu muhtasi alikuja kuchukua kitambaa chake. Dokta aliitwa kwenye kikao, akahojiwa, akajibu kwamba hana la kusema. Mwisho wa mwaka akaacha kazi. Jina langu halikutokea kwenye orodha mwaka huo wala uliofuata. Chumba kile kikakodishwa kwa mtu wa fotokopi.

Dokta alifungua duka la dawa za mifugo mjini. Kwa miaka sita nilipita barabara nyingine. Kisha kuku wa jirani wakashikwa na kideri, maduka mengine yote yakawa hayana chanjo, nikaingia.

"Karibu, kaka," akasema. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani.

Alinihesabia vichupa, akanieleza namna ya kuvitia kwenye maji. Nikalipa. Sikuondoka.

"Dokta, zile saa kumi na nne."

"Zilikuwa zako. Nilijua palepale. Mimi sikufungua, na ufunguo ulikuwa nao wewe."

"Mbona hukusema?"

"Una watoto wanne. Mimi nina vyeti." Alisema hivyo huku anafunga vichupa kwenye gazeti. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alifunga uzi, akakata, halafu akavua miwani.

"Hebu niambie," akasema. "Ilikuwa inang'aa?"

Sikumwelewa mara moja.

"Mimi siku niliyochungulia niliona ukungu tu. Niliiandikia andiko mara tano, sikuwahi kuiona ikiwa safi. Wewe uliiona. Ilikuwa inang'aa vizuri?"

Alikuja mteja mwingine, mama mwenye mfuko wa pumba begani. Dokta akamwomba asubiri kidogo. Akaegemea kaunta, nami nikaanza kumweleza zile nukta za kijani, nilichokuwa nakiona kila Ijumaa.