Mama Kizibo na mbolea isiyo na haraka

Saa moja na nusu asubuhi, udongo bado umelowa. Mwanamke wa miaka arobaini na sita anainama, anachimba kishimo kwa kijiti, anamimina mbolea kwa kizibo cha soda, anafukia kwa wayo wa mguu. Hatua moja mbele, anainama tena.

"Usinipigishe sana soga, nitapoteza mstari," ananiambia bila kugeuka.

Majirani wanamwita Mama Kizibo. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa kibarua wa kutia mbolea katika mashamba ya mahindi ya watu. Kila shamba humwita mara tatu kwa msimu: wakati wa kupanda, baada ya palizi, na mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake ushonaji. Ndiyo pia iliyomharibia mgongo. Mwaka juzi alilala chali siku kumi na moja, hata kikombe cha chai akishikiwa na binti.

Misimu miwili iliyopita, mtaalamu wa kilimo, dada mmoja mwenye pikipiki na maneno machache, alifika na mfuko wa mbolea ngeni. Punje zake zilikuwa zimevikwa ngozi nyembamba ya kuteleza.

"Urea ya kawaida ni kama kumpakulia mtoto chakula cha mwezi mzima siku moja," alieleza. "Atakula kidogo, kingine kitamwagika. Mvua inakizamisha chini ya mizizi, jua nalo linakipeperusha. Hii inatoa kidogo kidogo. Unaitia mara moja tu, basi."

Mara moja tu. Mama Kizibo aliyasikia maneno hayo kuliko mengine yote.

Jaribio lilifanyika kwenye ekari moja ya shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Nusu ilitiwa urea ya kawaida, nusu punje zile zenye ngozi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutia, kutazama na kusema alichokiona.

"Nilikuwa namwomba Mungu isifanye kazi," anakiri, akicheka hadi anajishika kiuno. "Ikifanya kazi, mimi nitaitwa na nani mara tatu?"

Mwanzoni dua ilionekana kujibiwa. Wiki ya nne, upande wa urea ulikuwa kijani kilichokoza. Upande wa pili ulikuwa umepauka, kama nguo iliyofuliwa sana. Wapita njia walitania, shemeji akakosa raha.

Asubuhi moja Mama Kizibo alimkuta shemeji huyo na ndoo ya urea, anaelekea upande uliopauka.

"Shemeji, ndoo hiyo inakwenda wapi?"

"Naongezea kidogo tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Nilimwahidi yule dada ukweli. Ukitia, na hilo nitamwambia."

Shemeji aliirudisha ndoo nyumbani. Hakumsemesha siku nane.

Kisha mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Ilipokatika, majani ya upande wa urea yalianza kugeuka manjano kuanzia chini. Upande wa pili uliendelea kukoza rangi, taratibu, bila makeke. Siku ya kuvuna, nusu ya urea ilitoa magunia saba. Nusu nyingine ilitoa kumi.

Wakulima zaidi ya thelathini walikusanyika chini ya turubai kusikia matokeo, na mtaalamu akamkabidhi Mama Kizibo nafasi ya kusema. Binti yake alikuwa amemuuliza usiku uliotangulia: "Mama, kweli utajikatia riziki kwa mdomo wako mwenyewe?"

Alisimama, akasema yote. Kwamba mbolea ile ni ghali zaidi. Kwamba mwanzoni inatia wasiwasi. Kwamba katika shamba la mwalimu mmoja mstaafu ng'ambo ya kilima, ambako pia ilijaribiwa lakini mvua ilikuwa haba, hakuona tofauti. "Lakini mvua ikizidi, hii inabaki. Nimeona kwa macho yangu. Na mkiitia mara moja, mimi hamtanihitaji mara tatu."

Akaketi.

Wiki mbili baadaye mwalimu mstaafu alibisha hodi. Alitaka shamba lake la bondeni, linalotuama maji, litiwe punje zile. "Aliyetwambia hata ubaya wa mbolea hiyo ndiye ninayemtaka," alisema. Wengine wakafuata, maana punje zile zikipondwa au kuachwa juu ya udongo hazina faida, zinataka mkono wenye subira.

Zamani alihudumia mashamba tisa, kila moja mara tatu. Msimu huu ana ishirini na mawili. Mengi anayaingia mara moja tu, akiwa na wanawake wawili aliowafundisha. Kipato hakijaruka sana, anasema, lakini katikati ya msimu sasa ana siku za kupumzisha mgongo.

Siku hizo amezipangia kazi. Amekodi nusu ekari kando ya barabara, ya kwanza kuilima kwa ajili yake mwenyewe, na tayari ameshang'oa magugu yote.

Ananionyesha mpaka wake kwa kidole chenye udongo, kisha ananyooka, polepole, mpaka mwisho.

"Miaka kumi na tisa nimenenepesha mahindi ya watu," anasema. "Msimu ujao nanenepesha yangu."