Masweta ya Lushoto

Juzi binti yangu katangaza safari. Hakumwambia mtu mmoja, kaiambia dunia nzima: kaweka kwenye simu picha ya milima imefunikwa ukungu, chini kaandika kwamba mwezi wa sita familia yote ni Lushoto, mwenye wivu ajinyonge. Mie nilikuwa uani napepeta mchele. Kaja kunionyesha huku anacheka, na ungo ukanitoka mkononi. Nikamwambia futa. Akasema nifute nini tena mama, nusu ya Chanika wameshaona.

Usinicheke, mwenzangu. Mie ni mtoto wa Mtoni, nimezaliwa na mwanamke aliyeamini kwamba safari ni kama mimba changa, huisemi mpaka ionekane yenyewe. Kwetu majirani walijua mtu karudi, kuondoka kwake hawakuona. Ukimkuta mama yangu barabarani na kikapu kichwani ukamuuliza waenda wapi, alikujibu, "Hapa mbele." Hapa mbele yenyewe ilikuwaga hata Kilwa. Si uongo, alikuwa anatukinga na macho ya watu, na hata leo siwezi kumlaumu kwa hilo, ingawa nimejaribu sana.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, na ukumbini kulikuwa na friji la kulala, rangi imechubuka, linanguruma kutwa. Mama alikuwa anauza barafu za ukwaju na za ubuyu kwa watoto wa shule. Sie tulikuwa watatu: kaka yangu, mie, na mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kufunga vifuko. Mpaka leo nikisikia harufu ya ukwaju uliolowekwa, vidole vinaniwasha kwa baridi ya kumbukumbu tu. Mama alipofunua friji, ukungu ulikuwa unapanda mpaka kidevuni kwake, nasi tunaingiza nyuso tunapuliza, tunajifanya wavuta sigara. Yeye anatufukuza huku anacheka. "Huo moshi wa friji," alisema. "Mie nautaka wa kwangu mwenyewe."

Maneno hayo aliyapata kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili, Msambaa, mwanamke mpole mwenye sauti ya ubaoni. Kila likizo ya mwezi wa sita alirudi kwao Lushoto, na kila aliporudi alituletea karoti zenye udongo mwekundu na hadithi za huko: wazungu wamejaa na mabegi yao mgongoni, soko halipitiki, vijana wanagombania kuwapeleka wageni kuona bonde. Lakini kilichomwingia mama si wazungu wala bonde. Ni pale mwalimu aliposema kwamba asubuhi huko mtu ukisema shikamoo, salamu yako unaiona inatoka mdomoni. Mama yangu, aliyeshika barafu maisha yake yote na hajawahi kusikia baridi hata siku moja, aliuliza mara mbili kama ni kweli. Tangu hapo likawa ndilo ombi lake duniani. Hakutaka dhahabu, hakutaka kanga mpya. Alitaka kuiona pumzi yake.

Baba alimwahidi. Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nyuzi Chang'ombe, jioni anarudi na pamba kwenye nyusi mpaka mdogo wetu anamlilia kwa kutomjua. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake ilikatwa na kikohozi. "Subiri mke wangu," alikuwa anasema, "nikikufikisha juu kule utatoa moshi kama bomba la kiwandani." Halafu anakohoa, halafu anacheka tena kutokea alipoachia.

Kiwanda hakikuwa na desturi ya kumpa mtu likizo pale anapoitaka. Mwaka mmoja tu ndipo likizo ya baba ilipoangukia mwezi wa sita, shule zimefungwa. Na mwaka huohuo mwalimu alikuja na habari yake. Kaka yake alikuwa anateremsha kabichi kwa Fuso kuleta kwenye masoko ya Temeke, na akirudi juu asubuhi yake gari huwa tupu. Akamwambia mama, twendeni basi likizo hii, nafasi ipo, nyumba ya mama yangu kubwa, mtalala mpaka mchoke. Mie nilikuwa pale mlangoni. Nilimwona mama anavyomeza mate kwa furaha. Akajibu, "Ahsante mwalimu. Tutaona." Akageuza maneno akauliza bei ya kabichi.

Usiku huohuo baada ya isha alitukusanya chumbani, akafunga mlango, akasema tunakwenda. Na atakayefungua mdomo nje ya chumba hiki, abaki na friji.

Jamani, hakuna raha niliyowahi kuipata ikaishinda ile. Tulipanga safari kwa kunong'ona. Mama alikwenda soko la Tandika kuchagua masweta ya mitumba, na muuzaji alipouliza ya nini na joto lote hili, alimwambia ni ya watu. Yetu watoto aliyachukua makubwa, ya kukulia, mikono inafunika vidole. Lake lilikuwa la kijani, na vifungo vya mbao. Jioni tunafunga madirisha tunajaribu, jasho linatiririka mpaka kwenye magoti, baba kakaa kitandani anatuuliza kwa sauti ya mwenyeji, "Vipi wageni, baridi ya kwetu mnaiwezaje?" Nasi tunatetemeka kwa makusudi. Kaka aliwahi kutoka na barafu mbili makwapani, ati anafanya mazoezi, akachapwa kwa kuharibu biashara.

Kwa watu huendi mikono mitupu. Mama alinunua nazi, akaagiza papa mkavu, na papa huyo ndiye karibu atutolee siri, maana harufu yake ilikuwa imejaa uani. Majirani walipouliza, alisema ana hitima ya shangazi. Shangazi mwenyewe alikuwa mzima wa afya. Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema sasa tukirudi itabidi tumuue kweli.

Ilibaki jambo moja: kumwambia mwalimu. Baba aliligusa mapema. Alisema, mke wangu, mwenye gari lazima ajue. Mama akajibu mwalimu ana shoga zake, shoga zake wana midomo, na safari ya watoto wangu siiweki midomoni mwa watu. Atamwambia mkesha wake, jua likizama, asubuhi tunapanda. Gari lenyewe halina abiria, litajaa saa ngapi? Hata mie niliona ana haki.

Siku ya mkesha mizigo ilikuwa imefungwa. Magharibi ilipopita mama alijitupia kanga, akachukua kipande cha papa kwenye sahani, akaenda nyumba ya pili. Sie tulikuwa chumbani tumeshavaa masweta, tumekataa kuyavua. Hakukawia. Tuliona mlango unafunguliwa taratibu, naye anaingia na sahani yake vilevile.

Kakuta kufuli. Kabichi zilikwisha mapema sokoni, kaka mtu hakuona sababu ya kulala mjini, alasiri kaja kumchukua dada yake. Nafasi ya nyuma wamepewa watu waliokuwa wanahamisha vitanda kwenda Korogwe. Mpangaji mwenzake mwalimu ndiye aliyemweleza mama yote hayo. Akaongeza kwamba mwalimu alitamani sana tungekwenda naye, lakini alituona hatuna nia.

Alasiri. Sie alasiri tulikuwa ndani tumefunga madirisha, tunapanga nazi kwenye gunia, tunaibana midomo ili tusisikike.

Baba akasimama. Akasema hakijaharibika kitu, alfajiri tunakwenda Ubungo, tunatafuta basi, nauli atakopa. Alisema vizuri, kwa nguvu, na sisi watoto tukamshika mama mikono. Mama alikuwa kakaa juu ya gunia la nazi. Aliuliza, "Tufikie kwa nani? Nani anajua kama tunakuja?" Baba akasema tutauliza, Lushoto si porini. Mama akatikisa kichwa. Akasema safari imekataa, na safari ikikataa yeye hailazimishi na watoto mgongoni. Kisha akaanza kumvua mdogo wetu sweta, mkono mmoja, halafu mkono wa pili, na hapo ndipo nilipomwona analia. Papa tulimla sisi wenyewe wiki nzima. Sijui kama umewahi kula kitu huku kinakukumbusha mahali ambapo hukufika.

Mwalimu aliporudi na karoti zake akasikia, alikaa kizingitini akashika kichwa. "Mama, ungeniambia tu," alisema. "Gari ningelizuia." Mama akacheka kile kicheko cha kumfariji mgeni, akamwambia wala asijali, Lushoto haihami.

Lushoto haikuhama. Sie ndio tuliohama. Kabla ya mwezi wa sita mwingine kiwanda kilifunga milango, baba akabaki nyumbani na kifua chake. Pamba yote ile aliyokuwa anarudi nayo kwenye nyusi, kumbe nyingine alikuwa anaimeza. Alikwenda haraka, hata mizaha hakuimaliza. Watu walipokuja kumsitiri walitandikiwa mikeka ukumbini kando ya friji, na friji likanguruma katikati ya dua, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulizima kwa sababu barafu zile ndizo zilizokuwa chakula chetu cha kesho.

Mwalimu akapata uhamisho. Mama alitulea kwa ukwaju na ubuyu. Masweta aliyalaza sandukuni na karafuu, na kila mwezi wa sita aliyatoa, akayafua, akayaanika chumbani badala ya kambani nje. Mpaka hapo alikuwa bado anaificha safari. Mwaka wa kwanza mikono ilinifunika vidole. Mwaka mwingine ikanifikia sawasawa, nikajiangalia kwenye kioo, nikapendeza, nikamwambia mama sasa. Akasema inshallah. Baadaye ikaishia kwenye viwiko. Lake tu ndilo halikupungua. Siku moja nikiwa mwanamwali nilimuuliza mbona hatugawi haya. Alikuwa anahesabu vifungo vya mbao kwa kidole.

Ile nyumba ya Mtoni haipo. Pamesimama fremu za maduka, na pale ukumbini petu panauzwa rangi za kucha. Kiwanda ni ghala la watu, nimepita hata sauti ya mashine hakuna. Kaka yangu yuko mbali na tunapigiana simu siku za misiba. Mwalimu nasikia alitangulia. Na mama yangu yuko hapa Chanika kwangu, mwili upo, akili inakwenda na kurudi, siku hizi inakwenda zaidi. Daktari kasema hata kumfikisha mjini ni kumtesa, seuze milimani. Kwa hiyo unaona. Wanangu wameshalipia vyumba, wana gari, wana picha za kitanda watakacholalia. Kila kitu ambacho sie hatukuwa nacho wanacho, na yule aliyekuwa anataka kwenda ndiye asiyeweza. Mtu wa kumwachia hakuna. Nimewaambia nendeni, mie nakaa na bibi yenu. Binti yangu akasema, "Tutakutumia video, mama." Nikamwambia sawa.

Leo mchana nikafungua sanduku ili nimpe binti lile sweta la kijani, kwa baridi ya huko. Mama alikuwa kakaa ukumbini. Alipoliona, akanyoosha mikono yote miwili. Nikampa nikidhani atalishika tu. Akalivaa. Jua la Chanika lile, bati linalia juu, naye anafunga kifungo kimoja kimoja bila kukosea, mikono ambayo siku hizi haijui kijiko. Akainuka peke yake. Akaniambia kwa kunong'ona nisimwambie mtu.

Nami nina friji la kulala ukumbini. Nauza barafu zilezile, sikwenda mbali. Akaliendea, akahangaika na mfuniko mpaka nikamsaidia kuuinua. Ukungu ukapanda. Akainama, akapuliza taratibu, akatazama. Akapuliza tena. Nikamwona anatabasamu, na tangu kufuli la mwalimu sikuwahi kuliona tabasamu lile.

"Tumefika?"

Nikamwambia tumefika, mama.

Akanishika mkono, wake umeshakuwa wa baridi. "Mwite baba yenu aje aone."

Barafu zilikuwa zinaanza kulegea na mfuniko ulikuwa unanielemea. Niliangalia mlangoni, hakukuwa na mtu, ila jua. Nikaita.