Vidonge Katika Kasha la Jiwe

Nehemiah Omwenga amechonga mawe ya sabuni huko Tabaka kwa miaka ishirini na sita. Katika kumi na mmoja ya mwisho amemeza vidonge viwili kila jioni baada ya chakula. Vidonge ni vya kifafa. Waliojua ni mkewe Phanice na tabibu wa kliniki, anayemwandikia katika daftari la shule. Juu ya jalada Phanice aliandika "Hesabu, Ian", jina la mtoto wao, ili mgeni akiliona mezani asilifungue.

Haikuwa aibu tu. Mchongaji hukaa na tezo, chuma chake cha makali, kati ya magoti. Marehemu Obadiah, mchongaji mwenzao, alianguka kifafa mara moja mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo hakupewa tena chuma. Alimaliza maisha yake akifunga vinyago kwa magazeti.

Julai mwaka jana chama chao cha wachongaji kilialikwa kwenye maonyesho Ujerumani, siku kumi na nne. Wakachaguliwa wawili: Omwenga kwa mikono yake, na katibu Manasseh Nyangau kwa Kiingereza chake. Wangelala chumba kimoja.

"Beba dawa ndani ya pakiti zake," tabibu alimwambia. "Beba daftari, na uje nikuandikie barua. Dawa hii wenzetu wa ng'ambo huichunguza sana. Na usiikatize ghafla."

Omwenga aliitikia. Nyumbani akafikiria kile chumba kimoja, na Manasseh asiyeacha karatasi bila kuisoma. Barua hakuifuata. Alichonga kasha dogo la jiwe la waridi, akatoa vidonge ishirini na vinane kwenye pakiti, akavimimina humo. Daftari lilibaki Tabaka.

Walipofika, afisa wa forodha alifungua kasha. Aliona vidonge vyeupe visivyo na jina, na vumbi la jiwe juu yake.

"Peremende, bwana? Mzee mzima?" Manasseh alicheka.

"Mwambie ni za kichwa."

"Anauliza zote hizi ni za kichwa kimoja?"

Afisa alizuia vidonge, akamrudishia Omwenga kasha tupu.

Jioni hiyo hakumeza kitu, wala jioni iliyofuata. Siku ya tatu, watu wakiwa wamezunguka meza yao, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kurukaruka. Dalili hiyo aliijua. Aliweka tezo chini.

"Watu wanangoja, nawe umekaa kama bwana harusi!" Manasseh alisema.

"Manasseh, nitaanguka. Kama si leo ni kesho. Nina kifafa. Zile zilikuwa dawa zake."

Manasseh alimtazama, kisha akafunika vinyago kwa shuka, akauliza daktari yuko wapi.

Kwa daktari, Omwenga alimpigia Phanice, naye akapiga picha kila ukurasa wa daftari, akazituma kwenye simu ya Manasseh.

"Mkeo ametuma hesabu za mtoto," Manasseh alisema.

"Endelea ndani."

Manasseh alimsomea daktari tarehe moja baada ya nyingine, miaka kumi na mmoja, kwa Kiingereza. Mahali fulani alirudi kwenye Kiswahili.

"Machi, elfu mbili na kumi na tisa: kifafa. Si ulituambia uliteleza machimboni?"

"Niliwaambia hivyo."

"Nami nikakubeba hadi barabarani nikikucheka njia nzima."

"Ulinicheka, ndiyo."

Daktari alimpima, akaandika dawa ile ile. Alisema asishike chuma kwa siku mbili, kisha arudi amwone. Duka la dawa lilikuwa nayo. Omwenga alitoa kasha lake la jiwe mfukoni, lakini Manasseh akaweka mkono juu yake.

"Ziache kwenye pakiti. Karatasi yenyewe nimeshaisoma."

Siku mbili Omwenga alipiga msasa vinyago, akiwa ameinamia beseni la maji. Siku ya tatu, baada ya daktari kumruhusu, alipofika mezani hakuiona tezo. Manasseh alikuwa ameilaza kwenye mapaja yake. Omwenga akaketi, akanyoosha mkono kuchukua msasa.

"Ulimeza jana?" Manasseh aliuliza.

"Nilimeza."

"Viwili?"

"Viwili. Si ulikuwa umekaa hapo ukivihesabu?"

Manasseh alimpa tezo, mpini mbele. Kisha akainua kiti chake, akakizungusha nyuma ya meza, akakaa upande wa kulia wa Omwenga, mkono mmoja ukiwa huru kuiwahi tezo.

"Chonga, bwana. Yule mama pale mbele anataka twiga."